Treni Imenichongea kwa Mama Mkwe

Sogea kwenye benchi, jirani, nina langu. Na usiniulize kwa nini nimenuna. Watu wote wa mkoa huu wanaisifia treni. Treni imerudi, treni bei poa, treni haina foleni, treni haisimamishwi na trafiki. Sawa. Mimi na treni kwa ujumla hatuna ugomvi. Nina ugomvi na moja tu, ile iliyoingia Moshi asubuhi moja ya Desemba 2019 na mama mkwe wangu ndani. Unajua ilifanya nini? Ilifika kwa wakati. Haikupata ajali, haikuharibika, haikulala njiani. Ilifika kwa wakati, na mimi mpaka leo kwa wakwe zangu naitwa "yule".

Ngoja nikueleze, maana naona unaanza kucheka kabla ya muda.

Mimi ni mtu wa Mwika. Mwika, siyo Mweka, na hilo lishike vizuri kwa sababu litaniliza huko mbele. Huku kwetu usafiri ni Noah. Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya familia moja yenye adabu. Ikipanda huku inabeba ukoo. Umebanwa na mtu usiyemjua, mtu usiyemjua kakalia kiroba chako cha unga, jogoo wako yuko miguuni kwa mwalimu mkuu, na konda bado anaita, "Mmoja! Mmoja wa mwisho tunaondoka!" Huyo wa mwisho akiingia, anaitwa mwingine wa mwisho. Gari haiondoki mpaka ijae. Ukimuuliza dereva saa ngapi tunatoka, anakuangalia kwa huruma. Sisi hatuna saa. Tuna watu. Watu wakitosha, hiyo ndiyo saa.

Sasa mtu uliyelelewa na Noah toka utoto, siku moja unaletewa chombo chenye ratiba. Ratiba! Imeandikwa na wino, inabandikwa ukutani. Nani alitufundisha?

Hapa kwa Mangi, kuna mzee tunamwita Stesheni. (Huku kila mwenye duka ni Mangi, hata kama kapanga na kodi hajalipa.) Mzee huyo reli anaijua yote kichwani. Ukinunua kiberiti unapewa na historia bure. Anasema Wajerumani walianza kuitandika Tanga mwaka 1893. Moshi wakafika 1911. Nikapiga hesabu kwa vidole, vikaisha, nikaazima vya Mangi. Miaka kumi na minane! Nikamwambia, mzee, hao bila shaka walikuwa wanasubiri ijae. Hakucheka. Watu wa reli hawana utani.

Akaendelea. Waingereza wakaja, wakaisukuma mpaka Arusha mwaka 1929. Na kwenye ile Vita Kuu ya Kwanza walishatandika nyingine ya kutokea Voi, ikapita Taveta, ikaja kuungana na yetu pale Kahe, ili wawafukuze Wajerumani vizuri. Yaani watu walijenga reli kwenda kupigana. Mimi kwenda kumpokea mama mkwe sikupata hata baiskeli. Halafu kahawa. Kahawa ya babu zetu ilikuwa inashuka milima hii, inapita mikononi mwa KNCU tangu 1933, inakobolewa Moshi, inapanda behewa, inashuka bandarini Tanga, inaingia melini, inanywewa na wazungu. Kahawa ilikuwa na usafiri kunishinda mimi. Kwenda Dar kwa reli ndiyo ilikuwa shughuli, mpaka 1963 kilipotandikwa kipande cha kutoka Mnyusi hadi Ruvu, kikaiunganisha yetu na reli ya kati.

Baadaye ndiyo ukaja mkosi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, ndugu wakagawana injini, mpaka ukafungwa, ile njia ya Taveta ikabaki bila mwenyewe. Ya kwetu ikajikongoja mpaka miaka ya tisini, abiria wakaachwa. Mizigo nayo ikafuata. Zaidi ya miaka ishirini hakuna filimbi ya treni ya abiria. Nyasi zikaota, mahindi yakapandwa, watu wakajenga, biashara zikapangwa juu ya reli kabisa, nyanya upande huu na viatu vya mtumba upande huu. Mataruma yakaanza kutembea usiku. Sitaji jina, lakini kuna jirani yangu banda lake la nguruwe lilikuwa limesimama kwa mataruma ya chuma ya Mjerumani, imara, hata tetemeko halitikisi. Siku redio iliposema reli inafufuliwa, alilipaka banda rangi ya kijani usiku kucha. Wale nguruwe waliamka wamebadilika rangi ubavuni.

Kweli ikafufuliwa. Nyumba zilizosogelea njia zikapigwa alama ya X, majani yakafyekwa, na Julai 2019 ikaanza ya mizigo na saruji ya Tanga. Desemba, ya abiria. Na Desemba, jirani, unaijua. Desemba Mchaga yeyote mwenye miguu anarudi nyumbani. Dar inabaki na walinzi. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, mbuzi wanaanza kuandika wosia, na nauli ya basi inapanda kuliko sisi tunaopanda mlima. Ghafla linakuja behewa, Dar mpaka Moshi, daraja la tatu, shilingi 16,500. Watu walilia stesheni. Walioona wanasema wazee walikuwa wanalishika behewa kwa mkono, wanalipapasa.

Mimi sikwenda kulipapasa. Nilikuwa hapa hapa kwenye benchi. Simu ikaita. Mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Korogwe. Kakulia jirani na stesheni, filimbi ndiyo ilikuwa saa yake ya kupika. Tangu nimuoe binti yake alikuwa hajafika Mwika, anasema basi linamfunga pumzi. Sasa treni imerudi, na yeye karudi ujana. "Mwanangu, nakuja kuwaona wajukuu. Usiku napandia hapa Korogwe, asubuhi niko Moshi. Utanipokea?"

"Shikamoo Mama. Nitakupokea Mama. Hata usiku nitakuwepo Mama." Mtu akiongea na mama mkwe anasema Mama kila baada ya maneno matatu, unajua mwenyewe.

Nikaja kuomba ushauri hapa kwenye kamati ya benchi. Asubuhi ni saa ngapi? Kamati ikakaa. Mmoja akasema treni ya miaka ishirini haijatembea, viungo vimekakamaa, itachelewa. Mwingine akasema ikifika Same lazima ipumzike. Mangi akasema binamu yake aliwahi kusikia kwamba treni ikisema asubuhi ujue ni jioni. Katika kamati nzima hakuna aliyewahi kupanda treni hata ya kuchora. Mzee Stesheni peke yake alisema niwahi, tukamwambia anywe chai yake. Azimio likapita: nifike saa sita mchana, na hapo nitakuwa nimejipendekeza.

Basi asubuhi nikanyoa ndevu taratibu. Nikapiga pasi suruali. Mama watoto akanifukuza na mwiko, "Nenda kampokee mama yangu!" Nikamwambia tulia mke wangu, mambo ya reli yana wenyewe. Nikashuka barabarani, nikaingia Noah. Ikasubiri ijae. Ikajaa. Ikasubiri ijae zaidi. Marangu Mtoni ikasimama, konda akashuka kunywa supu. Alikunywa na mfupa akaumaliza.

Tukafika Himo. Hapo sasa nikuombe subira kidogo, maana Himo inaniuma. Himo nilikuwa naijua njia panda tu, malori ya Holili, mahindi, wauza vitunguu. Saa hizi ni mji. Ghorofa, benki, baa zenye majina ya miji ya Ulaya. Mtu anafanya kazi Moshi, amepanga Himo kwa sababu chumba nafuu, kila asubuhi na mapema anagombea mlango wa haisi. Wa Marangu yumo, wa Rombo yumo, wa Mwika, yaani mimi, nimo nusu, nusu nyingine iko nje ya dirisha. Kilomita kama 27 tu mpaka Moshi, lakini ukiteremka suruali uliyopiga pasi ina mikunjo mpaka kwenye mfuko. Na kule chini kwenye tambarare, ukisimama Mwika siku isiyo na mawingu unaweza kuonyesha kwa kidole, njia ile ya zamani ya Kahe na Taveta inajilalia. Haina kazi. Watu wamebanana juu, reli imejinyoosha chini.

Nilisema hilo hapa kwenye benchi. Dar mwaka 2012 waliletewa treni ya mjini, ile watu waliyoibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri, wakawa wanatoka Ubungo mpaka Stesheni bila kugusa foleni. Nairobi mwaka huo huo wakafunguliwa stesheni ya Syokimau ya watu wa kwenda kazini. Hivi sasa Dar na Dodoma tangu 2024 wana ya umeme, unasinzia Pugu unaamshwa Dodoma. Sisi tukipewa mabehewa mawili tu ya kuzunguka Moshi, Kahe na huko chini ya Himo, asubuhi na jioni, tungekosa nini? Mzee Stesheni akaniuliza, ukishafika chini ya Himo, Mwika utapanda na nini? Nikasema, na Noah. Akaniuliza, Noah itaondoka saa ngapi? Nikamwambia ikijaa. Akarudi kwenye chai yake. Mzee ana dharau sana yule, lakini hilo nililiwaza mpaka usiku. Mjerumani alileta reli kwa ajili ya mkonge na kahawa, mizigo isiyochoka kusubiri. Sisi watu tumejibanza mlimani kwenye vihamba, halafu tunaililia treni ituletee mguu mlangoni. Treni haina mguu huo. Inakushusha Moshi, inakwambia kwaheri, shida zako zote zinaanzia pale pale getini.

Na ndipo zangu zilipoanzia. Nikafika stesheni saa sita kasoro. Nilijisifu kwa kuwahi. Nikaingia na kifua mbele. Kimya. Hakuna mtu. Kuna baba mmoja anafagia maganda ya karanga.

"Samahani kaka, treni ya kutoka Dar itaingia saa ngapi?"

Akasimamisha ufagio. Akaniangalia suruali, akaniangalia viatu. "Ya leo?"

"Ya leo."

"Bosi, hiyo ilishaingia asubuhi. Watu wameshakunywa chai, wameshafika makwao, wengine nadhani wameshagombana na ndugu zao."

Nikatoa simu. Niliiweka kimya kanisani Jumapili, ikakaa kimya hivyo hivyo. Kioo chote kimejaa "Mama Mkwe, Mama Mkwe, Mama Mkwe", na katikati "Mama Watoto" kwa herufi ambazo naapa zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Nikapiga huku magoti yanacheza.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Uko wapi baba?"

"Nipo stesheni Mama, nimefika muda tu Mama, nakutafuta."

"Mimi nimeshafika kwako. Nipo hapa getini."

Nikashusha pumzi. Kumbe katangulia, mwanamke shujaa. "Geti gani Mama, lile la bluu?"

"Sijui rangi. Geti kubwa, kuna askari. Kuna wazungu wamechafuka matope wananipiga picha. Mbona hukuniambia unaishi na wazungu?"

Jirani, nilikaa chini. Sakafuni, na suruali yangu. Mama wa watu alisubiri stesheni, simu haipokelewi, akaita bajaji. Akasema Mwika. Kijana wa bajaji akasikia Mweka. Akampandisha mama mkwe wangu mpaka Mweka, akapita chuo cha wanyamapori, akamfikisha mpaka geti la hifadhi ambako wapanda mlima wanateremkia wakitoka Kibo. Mama alikuja kuwaona wajukuu, amepokelewa na watu wenye fimbo na miwani ya barafu.

Nikachukua bodaboda kumfuata. Nauli sitaitaja, bado haijanitoka moyoni. Nikamkuta kakaa juu ya ndoo, mtandio umenyooka, hana hata jasho. Pembeni yake kijana wa bajaji anahesabu chenji. Kumbe alikuja na machungwa kutoka Korogwe, kiroba kizima, ya wajukuu. Wagumu, yaani wapagazi, wameshuka mlimani na mizigo, koo zimekauka, wakayaona. Mama akauza moja kwa kumwonea mtu huruma. La pili kwa bei. Baada ya hapo kijana wa bajaji akawa anamenya na wazungu wakapanga mstari. Yalikuwa yamebaki matatu, na moja lilikuwa limebonyea.

"Shikamoo Mama. Pole na safari Mama."

"Marahaba. Safari ilikuwa nzuri. Nililala, nikaamka, nikaona mlima. Pole na wewe, naona umekimbia." Halafu akamgeukia yule kijana. "Huyu mwanangu kanihudumia vizuri. Mlipe."

Nikamlipa. Kumpeleka, kumsubiri, kumrudisha. Nikajumlisha: ile hela ya bajaji imeipita nauli yake yote ya treni kutoka Korogwe mpaka Moshi, na bado hatujaanza kwenda Mwika. Nikamuuliza kijana, wewe ulisikiaje? Akasema, "Mzee, watu wenye mizigo wote huwa wanakwenda Mweka." Mzee! Mimi!

Tukafika stendi ya Moshi. Noah ya Mwika ipo, imejaa, maana yake bado watu watatu. Nikafikiria kukodi gari ya peke yetu, nikaangalia pochi, pochi ikaniangalia. Tukaingia. Konda, kijana mdogo, hana hata kidevu, akaanza kutupanga. Huyu hapa, huyu pale, mtoto juu, ndoo chini. Akafika kwetu.

"Wewe mkubwa, ingia kwanza. Haya, sasa mpakate huyo mama."

Jirani. Rudia mwenyewe hayo maneno kichwani. Mpakate. Huyo. Mama.

Nikapiga ukelele, "Huyu ni mama mkwe wangu!" Kwanza kimya. Halafu Noah nzima ikaangua kicheko, mpaka yule mtoto wa juu. Mwalimu mstaafu mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Mama mkwe aliangalia dirishani kwa heshima kubwa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Suluhisho ni kwamba yeye alikwenda kukaa mbele na dereva, na mimi nikawekwa kwenye buti. Kwenye buti na nazi alizokuja nazo mama, tairi la akiba, na galoni la mafuta ya taa lisilofunga vizuri.

Kutokea Moshi mpaka Mwika mama alikuwa anamhadithia dereva. Sauti yake ikanifikia huko nyuma, nazi zinanigonga ugoko. Eti kule kwenye treni kila mtu ana kiti chake. Kule unaweza kusimama ukanyoosha miguu, ukatembea kutoka behewa hili mpaka lile, ukamsalimia mtu, ukarudi na kiti unakikuta. Choo kipo. Ikisimama kituoni akina mama wanaleta vitu dirishani. Hakuna anayembeba mwenzake.

"Au siyo mwanangu?" akaniuliza kutoka mbele.

"Ndiyo Mama," nikajibu kutoka kwenye tairi.

Himo tukapakia wengine. Wapi? Usiniulize, mimi nilikuwa nyuma, niliona miguu tu.

Nyumbani tulifika magharibi. Mama watoto alimkumbatia mama yake, wajukuu wakamrukia, mimi nikafunguliwa buti na jirani wa nguruwe. Nilinuka mafuta ya taa mpaka mwaka mpya, hakuna aliyeniruhusu nikaribie jiko. Mama alikaa, akala mtori, mbege akaionja akatema kistaarabu, na kila mgeni aliyekuja kumsalimia alihadithiwa geti, wazungu, konda. Hadithi ilikuwa inakua. Ilipofika kwa mchungaji mimi nilikuwa nimeshampakata kweli.

Mwaka uliofuata treni ikasogea mpaka Arusha. Mzee Stesheni akanunua soda kwa watu wote hapa, na anaweka hela yake vizuri yule, kwa hiyo ujue alifurahi. Anasema kuna mpango wa reli mpya kabisa ya kisasa, Tanga, Arusha, mpaka Musoma. Nikauliza kama itapita Mwika. Kamati nzima ilinigeukia, nikawaambia nilikuwa nauliza tu.

Haikupita muda, mama mkwe kapiga. Anakuja tena. Safari hii nikajipanga, nikamwambia, "Mama, nitalala stesheni Mama. Nitaweka godoro Mama, ikifika tu macho yako yanakutana na yangu."

"Usijisumbue, baba," akasema. "Nimeshaongea na mwanangu wa bajaji. Mwika sasa anaijua, kaulizia. Wewe andaa nauli yake tu."